Maswali ya dodoso: nifundishaje darasa lisisinzie?

MwalimuWaJioni: Wakuu habari zenu. Nafundisha sheria ya ushahidi, kila nikifika kwenye dodoso, yale maswali ya kumbana shahidi wa upande wa pili, naweka slaidi, wanakopi, kwenye mtihani wanatiririka vizuri tu, ila ukimsimamisha mtu ahoji shahidi anauliza "kwa nini ulikuwa pale?", yaani anampa shahidi uwanja ajieleze. Kuna aliyejaribu zile video za kubonyezabonyeza?

KolaNyeupe: Mkuu tumia H5P, programu ya kutengeneza video za hivyo, ni ya bure na inaingia kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni. Sisi tulirekodi kwa simu, dereva bodaboda anadai kaona ajali usiku, video inasimama unachagua swali. Ukichagua "uliionaje?" jamaa anaanza mbalamwezi, sijui taa za gari, umekwisha. Ukichagua "taa ya barabarani ilikuwa imezimika, sivyo?" anameza mate. Walirudia wenyewe bila kulazimishwa aisee.

Bando_Limeisha: Punguzeni ubora wa video basi, wengine tunaunga bando. Na mrekodi kwa Kiswahili, tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama kisheria hapa Tanzania lakini bado watu wanafundishwa kudodosa kwa Kiingereza tu.

MzeeWaKorido: Mi naona kubonyeza siyo kuhoji, swali keshaandikiwa. Video iwe ya kupashia misuli tu, halafu wasimame, mmoja awe shahidi mkaidi anayejibu "sikumbuki" kila kitu.

MwalimuWaJioni: Hapo kwa shahidi mkaidi umenipata, darasani ninaye mmoja wa hivyo tayari 😂