Ukoo na Majirani wa Juu ⛰️

Mama Glory: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nakumbusha mara ya nne, Jumamosi saa 3 asubuhi mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ile ile ya kugawa kijiji. Akidi isipotimia tena wanaahirisha. Anayekuja aandike jina
1. Mama Glory

Mama Glory: Mko 87 humu, waliosoma 61. Nawaona

Baba Neema: 2. Baba Neema. Chai ipo?

Evo: 3. kama kuna mbege 😂

Mama Glory: Evo wewe uko Arusha unauza spea. Anayepiga kura ni mkazi wa miaka 18 kwenda juu, sio mwenye kihamba, shamba la ukoo, anayekuja Desemba kuchinja

Evo: mi mkazi wa moyoni shangazi

Baba Neema: ndo ilivyotupiga sensa. Ya 2022 ilikuwa Agosti 23, mtu anahesabiwa pale alipolala. Halmashauri ya Moshi bila manispaa tukatoka 535,803, mwaka 2012 tulikuwa 466,737, ukisoma unasema tumeongezeka kumbe mi nnavyoona watu wanajaa tambarare Mabogini huko kwenye viwanja, huku juu nyumba ina geti, mbwa na bibi mmoja. Wangehesabu Desemba 25 wangekoma

Evo: wangehesabu na mbuzi 😂😂

Mjomba Dar: Nimechelewa kusoma. Nani kasema tugawanywe? Ofisi ya kijiji tuliyoijenga inabaki upande gani wa korongo?

Mama Glory: Wa chini. Ndo maana nasema njooni

Mjomba Dar: Na saruji yangu?

Baba Neema: haya, tumeanza

Mjomba Dar: Mifuko 40. Ikafika 26. Sijamtaja mtu. Nasema tu kuna nyumba ilipigwa plasta mwaka ule ule

Mama Pendo: Unasema ya kwetu? Taja jina basi

Mjomba Dar: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Evo: mi nimewahi kuusoma 😂

Mama Glory: JAMANI AJENDA. Kijiji hakigawanywi na diwani kusimama msibani akatangaza. Kinaanzia kwetu mkutano mkuu, kinapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kikao cha ushauri cha wilaya, cha mkoa, ndo kinafika kwa waziri. Sisi tusipofika Jumamosi hakuna cha kupanda. Na hata kikipita mwenyekiti tutamchagua wenyewe ila mtendaji ni wa kuletwa na mkurugenzi, msije mkasema sikuwaambia

Dada Vicky: Samahani nilikuwa kazini, Jumamosi ipi hii?

Mama Glory: 🤦🏾‍♀️

Baba Neema: mi sipingi, ila shule iko kwetu zahanati iko kwao. Mtu akiugua usiku anavuka mpaka?

Evo: anagonga muhuri Holili kwanza 😂😂

Meku: Meku hapa, anaandika mjukuu. Nimesomewa yote. Mwaka 1963 serikali ilipofuta uchifu nilikuwa kijana, mangi akawa mtu kama sisi, na kesho yake tukaamka tukaenda kusafisha mfereji, wa juu na wa chini pamoja. Mfereji ule unapita korongo hilo hilo. Mkigawa kijiji mtaniambia maji ni ya nani. Habari ya saruji sitaki kuisikia tena nikiwa hai. Jumamosi nataka kuona sura. Aliye mbali amtume aliyebaki nyumbani.

Mjomba Dar: Aika Meku. Nimesikia. Sitataja idadi tena

Dada Vicky: Aika Meku 🙏🏾

Evo: Shikamoo Meku 🙏🏾

Mama Glory: Basi jamani mmesikia. Majina bado 3 na Evo simhesabu. La mfereji nitamuuliza mtendaji kama linaingia kwenye ajenda, sijui kama muda upo

Baba Neema: nimekumbuka Jumamosi kuna kipaimara cha mtoto wa shemeji, ikiisha mapema ntapita

Mama Glory: Baba Neema!!

Dada Vicky: Saa 3 asubuhi au usiku?

Mama Pendo: 4. Mama Pendo. Nakuja na risiti ya plasta