Kontra inasema mega 10, kompyuta inaonyesha 1,2

Sibere ya Kadutu
Habari zenu wataalamu. Tuko na sibere ndogo (nyumba ya intaneti ya kulipia) hapa Bukavu, kompyuta 6. Kontra (mkataba) ya intaneti inasema 10 Mb/s, lakini hata tukiacha mashine moja peke yake, kupakua kunafika 1,2 Mo/s na hakupandi tena. Anayetuuzia anaapa kila kitu kiko sawa. Tunaibiwa?

Fundi wa Nguba
Hamuibiwi. Angalieni herufi: b ndogo ni biti, o ni okteti, ambayo mashine za Kiingereza zinaiandika B kubwa, yaani baiti. Okteti 1 ni biti 8, basi 10 ÷ 8 = 1,25 Mo/s. Kinachokosekana hapo kinaliwa na vichwa vya pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo: kwenye pakiti ya okteti 1500, kama 40 ni anwani na maelezo ya TCP/IP (kanuni za kusafirisha data kwenye intaneti), si faili lenu. 1,2 ni safi kabisa.

Muda mnauhesabu hivi: faili la Mo 700 ni megabiti 5600, gawa kwa 10, sekunde 560. Mashine zote 6 zikivuta faili kama hilo pamoja, ni dakika 56. Wateja watalalamika, na laini haina kosa.

Yaya_Rezo
Naongeza. Jioni ikilegea, msikimbilie kugombana. Chomekeni kebo kwenye ruta, zimeni Wi-Fi, simamisheni masasisho ya Windows kwenye mashine zingine (hayo hula laini kimyakimya), ndipo mpime. Tovuti za kupimia hutoa Mb/s. Dirisha la kupakua hutoa Mo/s. Tena someni kontra: kama imeandikwa "hadi 10", muuzaji ameshajikinga.

Sibere ya Kadutu
Aksanti sana. Na flashi ya Go 32 inayoonyesha 29,8? Ni bandia?

Fundi wa Nguba
Hapana. Kiwanda kinahesabu giga kuwa okteti 1 000 000 000. Windows inagawa kwa 1 073 741 824, yaani 1024 × 1024 × 1024, halafu inaandika Go ileile! Tangu 1998 IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, iliipa hiyo ya pili jina lake, gibi (Gio), lakini Windows haijali. Flashi bandia huonyesha ukubwa wote vizuri, kisha faili zinaharibika ukipita nafasi yake halisi. Ipimeni na programu ya H2testw: inaijaza yote, halafu inasoma upya kila kilichoandikwa. Fanyeni hivyo flashi ikiwa tupu.