Bima kubwa yenye eksesi ya kutisha, au mtu wa tatu na akiba yangu mwenyewe?

Gia ya Tano (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Pikipiki yangu ina miaka minne. Naiendesha kila siku kwenda kazini, na siku za mapumziko naenda nayo mbali kidogo. Bima inaisha mwisho wa mwezi, na safari hii nimeamua kusoma karatasi kabla ya kulipa, si baada ya kuanguka.

Nina makadirio manne mezani. Ili tusipotezane kwa fedha, nimegeuza kila kitu kuwa asilimia ya thamani ya pikipiki ilivyo leo. Yaani pikipiki ni 100.

Mtu wa tatu tupu: ada 2 kwa mwaka.
Mtu wa tatu pamoja na moto na wizi: ada 3.5, eksesi 10 ikiibiwa.
Bima kubwa ya eksesi ndogo: ada 9, eksesi 5.
Bima kubwa ya eksesi kubwa: ada 6, eksesi 15.

Kwa mgeni wa mambo haya, bima ya mtu wa tatu inamlipa yule utakayemuumiza au kumharibia mali, bima kubwa inalipia na pikipiki yako, na eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu.

Hilo la mwisho ndilo linanivuta na kunitia shaka kwa wakati mmoja. Wakala anasema ni bima kubwa ile ile, ila nafuu. Mimi naona kama mwavuli wenye tundu katikati. Mliopita njia hii mnasemaje? Nawasilisha.

Tairi Kipara

Mkuu, chukua mtu wa tatu tupu uishi kwa amani. Hiyo tofauti weka kwenye kopo. Bima kubwa ya pikipiki ni kumnunulia wakala chakula cha mchana.

Binti Klachi

Simuungi mkono Tairi, lakini najua kinachomuuma. Niwasimulie yangu.

Nilikuwa na bima kubwa, eksesi 10 kwa hesabu yako. Siku moja niliegesha kwenye lami iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Stendi ya pembeni ikawa inazama taratibu, mimi niko ndani sina habari. Natoka, nakuta imejilalia kama mbuzi aliyeshiba. Leva ya klachi imekatika, kioo cha kushoto hakipo, indiketa inaning'inia kwa waya wake, na tangi limebonyea mahali pale pale goti linapokaa. Hakuna mtu aliyeigusa. Fundi akapiga hesabu: 11.5.

Nikadai. Nikajaza fomu, nikapeleka picha, nikasubiri mkaguzi, nikapewa 1.5. Sherehe ikaishia hapo, maana kumbe nilikuwa na punguzo la kutodai la asilimia 30. Ada kamili ilikuwa 10, nikilipa 7. Mwaka uliofuata nikarudishwa kwenye 10. Kwa hiyo nilipokea 1.5 nikapoteza 3, na hapo sijahesabu miaka ya kulijenga upya lile punguzo.

Eksesi yako unayoiona kwenye karatasi siyo eksesi yako halisi. Jumlishia punguzo utakalopoteza, ndipo ujue dai linaanza kuwa na faida wapi.

Gia ya Tano

Dada, hiyo ya mbuzi aliyeshiba imeniua. Ila hesabu imeniingia. Kwa eksesi ya 15, ajali yako isingefika hata mlangoni.

Mkaguzi Mstaafu

Nimekagua pikipiki za watu kwa muda mrefu, sasa napumzika. Niongeze la upande wa pili wa meza.

Pikipiki haiharibiki kama gari. Gari likigongwa bampa, hasara inakaa palepale. Pikipiki ikianguka inalalia ubavu mzima: leva, kioo, kikanyagio, ekzosi, plastiki zote za upande ule. Hizo ni hasara ndogondogo, na nyingi zinaishia chini ya eksesi. Halafu kuna ajali ya kweli, ambapo shokapu za mbele zimepinda na fremu imekunjika shingoni. Hapo gharama ya kutengeneza inapanda haraka hadi kampuni inaona heri ilipe thamani ya pikipiki na kuchukua mabaki. Hiyo tunaita hasara kamili. Kati ya ncha hizo mbili madai yapo, ila si mengi kama kwenye magari.

Kwa hiyo ukichukua eksesi ya 15, usijidanganye kwamba umenunua bima ya kuanguka. Umenunua bima ya hasara kamili na wizi. Si kitu kibaya. Ila ujue jina lake.

Sasa swali kwako, Gia. Hiyo 15 ni asilimia ya nini?

Gia ya Tano

Ya thamani ya pikipiki, nadhani. Au?

Mkaguzi Mstaafu

"Nadhani" imewaliza wengi. Kuna mikataba inayosema asilimia 15 ya dai. Mingine asilimia 15 ya thamani iliyokatiwa bima. Mingine kiasi maalumu. Na mingi inamalizia kwa maneno madogo, "lakini isipungue kiasi fulani".

Tuseme umepata ajali ya 40. Kama eksesi ni 15 ya dai, unabeba 6. Kama ni 15 ya thamani, unabeba 15 yote. Karatasi mbili zenye tarakimu ileile, mfuko wako unatofautiana zaidi ya mara mbili.

La pili: eksesi hupandana. Kuna ya lazima, ambayo kampuni imeiweka. Kuna ya hiari, unayoikubali mwenyewe ili ada ishuke. Juu yake huwekwa ya dereva kijana au mwenye leseni changa, na ya wizi kwa pikipiki isiyo na kifaa cha kuifuatilia. Wakala hukutajia moja, mkaguzi akaja na zote. Uliza jumla.

Helmeti Mbili

Naona wote mnahesabu mabati. Mimi nianzie kwa watu.

Sheria katika nchi nyingi inalazimisha bima ya mtu wa tatu tu, kwa sababu inamwangalia yule utakayemuumiza, haijali pikipiki yako. Uingereza iliweka lazima hiyo kwenye sheria ya barabara ya 1930, na nchi nyingine nyingi zina sheria ya namna hiyo. Deni linaloweza kukuuzisha nyumba ni lile la mtu uliyemvunja mguu au gari la bei mbaya ulilolikwangua. Kwa hiyo kabla ya kushindana kuhusu 5 au 15, angalia kikomo cha fidia kwa mali ya mtu wa tatu kwenye kila karatasi. Kuna bima za bei rahisi ambazo kikomo chake hakitoshi hata mlango wa gari jipya.

Halafu hili: wewe mwendeshaji si mtu wa tatu. Ukivunjika mguu kwa kosa lako, bima ya mtu wa tatu haikujui. Na watu wengi wanaamini bima kubwa inawatibu. Bima kubwa ni kubwa kwa pikipiki! Uliza kama bima ya ajali binafsi imo ndani au unaiongeza, na kama abiria wa nyuma anahusika. Nyongeza hiyo mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na ada yenyewe.

Rejesho la Mwezi

Kwetu sisi wenye mkopo mjadala huu ni wa kutazama tu. Mkopeshaji anataka bima kubwa, basi. Uhuru pekee tulionao ni kuchagua eksesi, na hapo ndipo niliponasa.

Nilichukua eksesi kubwa ili ada ishuke. Nikagongana na kizuizi cha barabara usiku. Kampuni ilikubali dai bila maneno, pikipiki ikatengenezwa, ikang'aa. Gereji ikaniambia lipa eksesi uichukue. Sikuwa nayo. Pikipiki ilikaa pale wiki saba, rejesho nalipa, nauli nalipa, na nikienda kuiangalia naona wameigeuza mahali pa kuanikia makoti yao.

Kwa hiyo kabla ya kukubali 15, jiulize kama ukiambiwa leo jioni ulete 15 unazo. Kama huna, ada ndogo hiyo haikufai kitu.

Tairi Kipara

Ndiyo maana nikasema kopo! Weka tofauti kila mwaka, utakuwa na eksesi, pikipiki na chenji.

Binti Klachi

Kaka Tairi, kopo lina kasoro moja. Mwizi hasubiri lijae. Ikiibiwa mwezi wa pili, kopo lako litanunua plagi.

Tairi Kipara

Plagi mbili.

Pancha Usiku

Naomba kuuliza jamani, mie nilishauriwa niandikishe thamani ndogo. Pikipiki ya 100 niseme 60, ada inashuka. Kuna ubaya?

Mkaguzi Mstaafu

Upo. Mikataba mingi ina kifungu cha wastani. Umekatia bima asilimia 60 ya thamani, basi na hasara unalipwa asilimia 60. Hasara ya 20 inageuka 12, kisha eksesi ndiyo inatoka. Kwa eksesi ya 15 hupati kitu, unadaiwa soda ya mkaguzi tu. Na ikiibiwa, hata iweje huvuki 60. Kinyume chake pia hasara: ukiandika 130, unalipia ada ya 130 na unalipwa bei ya soko siku ya tukio, isipokuwa kama mkataba unasema thamani ya makubaliano.

Na usiitumie kubebea abiria kwa malipo ilhali umeandika matumizi binafsi. Hapo hatujadili eksesi tena, dai lote linakataliwa.

Gia ya Tano

Nimerudi na majibu, wakuu. Nilimkalia wakala kooni.

Ile 15 ni ya thamani, siyo ya dai. Ndani yake kuna 5 ya lazima na 10 ya hiari. Wizi una eksesi yake: 20 bila kifaa cha kuifuatilia, 10 kikiwepo. Hiyo 20 hakuwahi kuitaja, ilikuwa kwenye kiambatisho, nyuma, kwa herufi za kusomea na miwani.

Sasa hesabu yangu. Kutoka eksesi 5 kwenda 15 naokoa 3 kwa mwaka, na najiongezea mzigo wa 10. Maana yake lazima nikae zaidi ya miaka mitatu bila dai ndipo nione faida. Hiyo naiweza, sijadai tangu nianze kuendesha. Kutoka mtu wa tatu, moto na wizi kwenda bima kubwa ya 15 naongeza 2.5 kwa mwaka, na ninachopata ni kwamba siku fremu ikikunjika napewa 85 badala ya kubaki na skrepa. Naendesha kila siku kwenye malori. Hiyo 2.5 nailipa.

Tatizo ni swali la Rejesho. Niliangalia akaunti jana usiku. Nina 9, si 15.

Rejesho la Mwezi

Basi eksesi yako ni 9. Mengine ni ndoto za wakala.

Helmeti Mbili

Na je, ukigongwa wewe? Msisahau hilo. Kosa likiwa la mwingine, ukiwa na bima kubwa kampuni inakutengenezea kwanza, halafu yenyewe inamfukuza aliyekugonga. Eksesi unaweza kumdai yeye au bima yake, ukiwa na picha, namba ya gari na ripoti ya polisi. Ukiwa na mtu wa tatu tupu, unamfukuza mwenyewe kwa miguu, pikipiki iko gereji.

Mkaguzi Mstaafu

Sahihi. Gia, kuna nafasi kati ya 5 na 15. Eksesi ya hiari huwa na ngazi, hata kama wakala alikuletea ncha mbili tu. Mwombe akupigie ya katikati. Ngazi za kwanza ndizo hushusha ada vizuri, huko juu unabeba mzigo mkubwa kwa punguzo dogo.

Gia ya Tano

Ameipiga, mzee wangu. Eksesi 9 jumla, ya lazima ikiwa ndani, ada 7.2. Wizi 10 nikifunga kifaa, na nimeshaagiza. Ajali binafsi imeongezwa kwa kitu kidogo sana, sijui kwa nini hakuianza nayo.

Mkaguzi Mstaafu

Hiyo "jumla" imeandikwa, au amekuambia mdomoni?

Gia ya Tano

Imeandikwa kwenye jedwali la mkataba, nimepiga picha ukurasa. Nimenunua na kibao cha kuweka chini ya stendi.

Binti Klachi

Kiwe kipana. Cha kwangu cha kwanza kilizama nacho.