Naomba ushauri: Musafir aingie wapi kwenye faharasa?

Wakuu, naandaa wasifu wa Giani Gurmukh Singh Musafir, mpigania uhuru wa India na mwandishi wa mashairi na hadithi fupi za Kipunjabi. Nimekwama kwenye faharasa. "Giani" ni cheo cha mjuzi wa dini, si jina. "Singh" wanalo Masingasinga wengi mno. Ukipanga kwa hilo, herufi S inafurika. "Musafir" ni lakabu ya ushairi, ndugu kabisa wa "msafiri" wetu, kwa hiyo naelekea M.

Halafu cheo chake Punjab, Novemba 1966 hadi Machi 1967: niandike "waziri mkuu wa jimbo" au "waziri kiongozi"? La kwanza naona litamchanganya msomaji na Indira Gandhi, waziri mkuu wa India nzima wakati huo, kule Delhi.