Chuma cha pajani kimekatika, tunaweza kudai fidia?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa wanasheria na wanaojua mambo ya vifaa tiba.

Mdogo wangu aligongwa na bodaboda Mbagala, akawekewa chuma kwenye paja katika hospitali moja hapa Dar. Hajaanguka tena wala kubeba mzigo, lakini chuma kimekatika, tena palepale kwenye tundu la skrubu. Kwenye eksirei unaona kabisa vipande viwili na mwanya katikati. Anatakiwa apasuliwe upya, na gharama wanasema ni zetu. Daktari anadai mfupa ulichelewa kuunga. Inawezekana, maana mfupa usipounga chuma nacho huchoka. Ila mbona wanazungusha tukiomba jina la mtengenezaji na namba ya toleo?

Marekani, kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga bandia za ASR mwaka 2010, na 2013 ikakubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kwa waliolazimika kupasuliwa tena. Sisi wa huku tunaanzia wapi? TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, najua wanapokea taarifa za vifaa tiba vyenye kasoro, lakini kulipa fidia si kazi yao. Mahakamani nako madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, sitaki tulale.

Tumdai nani: mwagizaji, mtengenezaji au hospitali? Na chuma kikitolewa, tuna haki ya kukabidhiwa kabla hakijatupwa? Bila hicho sioni ushahidi mwingine. Upasuaji ni wiki ijayo, mwenye uzoefu anijuze mapema.