Nimehamia Tanga, naombeni njia za kukimbia zenye msitu na mto, lami ya Raskazone imenichosha

mkimbia_pole
Wakuu salama? Nipo Tanga mwezi wa tatu sasa, kazi imenileta kutoka Arusha, nakaa Chumbageni. Mi mtu wa tizi, sio mkimbiaji wa medali, ila nikikaa siku tatu bila kukimbia nagombana na kila mtu kazini. Tangu nimefika ni Raskazone kwenda na kurudi, upepo upo, bahari ipo, sina baya la kusema, lakini ni lami ileile mpaka walinzi wa mageti wananiambia "leo umechelewa".

Sasa mwisho wa Februari nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21, na anayeijua ile anajua kile kipande cha kupandisha kuelekea Mweka hakimheshimu mtu. Hapa mjini mlima wenyewe ndo upi? Jumapili nikafungua ramani ya simu nikaona mto, nikaona kijani kingi na kimstari kinakatiza katikati, nikasema leo ndo leo. Kumbe kile kimstari ni barabara ya ndani ya shamba la mkonge. Mkonge hauna kivuli jamani, saa tatu asubuhi Januari hii unachomwa na jua juu na vumbi chini, afu akatokea mlinzi na panga akaniuliza swali moja tu, "unamkimbia nani?" Sikuwa na jibu. Nimesindikizwa mpaka lami kama mwizi, maji yameisha, nikarudi na bodaboda.

Naombeni njia yenye miti, maji karibu, kama kilomita 15 hivi, na isiyohitaji gari. Na kama kuna sehemu ya kupanda mlima naomba pia.

Babu wa Ngamiani
Pole kwanza, na karibu. Huku ni waja leo waondoka leo, ukimaliza mwaka ujue umeshaoa.

Kosa lako sio mkonge, kosa ni kuamini simu. Simu inakuonyesha njia, haikuonyeshi mwenye njia. Huku vijia vyote vya kuelekea mtoni ni vya watu wa mashamba, vingine vinaishia kwenye mihogo ya mtu, vingine mtoni kabisa na hakuna daraja. Kwaiyo unachotafuta kipo ila hakipo kwenye ramani, kipo kwa watu.

Nenda Amboni, kwenye mapango. Unatoka mjini na barabara ya Horohoro, unaingia kushoto kwenda Kiomoni, mpaka mapangoni ni kama kilomita 8, kwenda na kurudi 16, hesabu yako hiyo. Ukishaacha lami kuna miti, mawe ya chokaa, popo, na mto Mkulumuzi upo palepale chini ya mapango. Kuna kushuka na kupanda kidogo, sio Mweka lakini mapaja yataelewa. Ukitaka kurefusha siku nyingine nenda upande wa maji moto ya Galanos kwenye mto Sigi, utajua umekaribia kwa harufu ya yai viza.

Ila siku ya kwanza usikimbie. Nenda na baiskeli au kwa mguu, pita kwa mwenyekiti wa kijiji, sema mi fulani nakaa Chumbageni nafanya mazoezi mtaniona Jumamosi asubuhi. Dakika kumi tu. Baada ya hapo hata ukiteguka mguu kuna mtu atapiga simu.

jamaa_wa_kahawa
Mbona daladala zipo? Unakimbilia nini mkuu 😂

Dereva Horohoro
Mi naendesha lori njia hiyohiyo, naomba niseme moja tu. Mkikimbia kwenye lami kaeni upande wa kulia, mtuone tunavyokuja. Wengi mnakimbia kushoto na vitu masikioni, honi hamsikii, na saa kumi na moja alfajiri mmevaa nyeusi tupu. Mimi nimeshafunga breki mara mbili kwa watu wa namna hiyo na mzigo nyuma hausimami kama Noah. Vaeni kitu cheupe au koti la kung'aa la bodaboda.

Binti Makorora
Nimekuja mbio kwenye huu uzi kwa sababu na mimi natafuta. Ila mwanaume anauliza kivuli, mimi nauliza nitarudi? Kiomoni nimeenda na wenzangu watatu haikuwa na shida, watoto wakatukimbiza mpaka tukacheka. Peke yangu siendi na sitaenda. Na mavazi, mjini Raskazone vaa unachotaka lakini ukipita vijijini asubuhi wazee wanatoka msikitini na wewe na kibukta, jamani. Mimi navaa taiti na fulana ndefu, mtandio nafunga kiunoni, jasho linafutwa humohumo.

mzalendo_wa_pwani
Amboni si ndo kulikuwa na yale mapambano na polisi mapangoni? Mi siendi huko ng'o.

Babu wa Ngamiani
Hiyo ilikuwa Februari 2015 ndugu yangu. Sasaivi wanafunzi wanaletwa na mabasi. Ila kuingia mapangoni kwenyewe usiingie kichwa kichwa bila muongozaji, mle ndani kuna giza na vichochoro, na hilo halina uhusiano na polisi. Binti ana hoja, watatu ni bora kuliko mmoja, hata kwa mwanaume.

Mtoto wa Muheza
Wote mmezunguka, mtu ameuliza mlima! Amani, wakuu, AMANI, ile hifadhi ya msitu juu milimani upande wa Muheza. Jumamosi moja tu kwa mwezi inatosha. Panda gari mpaka Muheza, pale tafuta magari ya Amani, ni machache kwaiyo kabla hujapanda ulizia ya kurudi yanatoka saa ngapi, mi nishalala huko bila kupenda. Shuka Sigi, kwenye geti la hifadhi, lipa kiingilio chako na uwaambie unakimbia barabarani tu au unataka na njia za msituni, kwa msituni chukua muongozaji.

Kutoka Sigi mpaka Amani ni kilomita kadhaa za rafu rodi, kona juu ya kona, unaanzia kwenye mita 450 hivi unafika karibu 900. Kivuli mwanzo mwisho. Unasikia maji ya mto hauyaoni, baadae unayaona, baadae yanakupita chini ya daraja, mto ni huohuo Sigi unaoteremka mpaka kwenye bwawa la Mabayani, ndo maji mnayooga nyie wa mjini. Juu kuna bustani ya miti ya tangu 1902 enzi ya Mjerumani, afu mashamba ya chai. Na kuna baridi! Mtu wa Arusha utalia kwa furaha.

Sasa namna ya kupanda. Usiende kama unakimbizwa. Kimbia dakika tano tembea moja, mpaka juu. Kilichonivunja mimi sio kupanda, ni kushuka, nilijiachia kama mpira, magoti yakaniuma wiki nzima nashuka ngazi kinyumenyume. Shuka na hatua fupi fupi. Mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unateleza kama mlenda, masika Machi mpaka Mei usijaribu. Na ukiona mstari mweusi unakatiza njia, ruka, ni siafu, usisimame kupiga picha.

mkimbia_pole
Nashukuruni sana. Swali, maji ya kunywa mnafanyaje? Na mtoni mtu anaweza kujimwagia?

Binti Makorora
Njia ya Amboni dafu lipo barabarani, beba hela ndogo ndogo, elfu kumi hakuna mwenye chenji saa moja asubuhi. Mimi nabeba nusu lita na pakti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Unyevu wa huku sio kama Arusha, jasho halikauki, fulana inakuwa nzito kama umetoka baharini, chumvi inaisha mwilini hata kama jua halijatoka. Na jua linatoka kuanzia saa 12 na robo hivi, mi nataka saa mbili niwe nyumbani.

Mtoto wa Muheza
Kujimwagia acha. Juu Amani maji yanakimbia kwenye mawe ila huku chini penye maji yaliyotulia kuna kichocho, na mamba ni mnyama usiyempigia hodi. Ulizia wanaochota maji. Wasipoingia wao usiingie.

mkimbia_pole
Mrejesho wakuu. Jana nilienda Kiomoni na baiskeli kama Babu alivyosema. Mwenyekiti sikumkuta nikakaa na mkewe anakaanga maandazi, nikajieleza, akaniuliza unalipwa? Nikasema hapana, mimi ndo nimelipa kujiandikisha. Akaita majirani waje wanione 😂 Lakini kijana mmoja pale akanionyesha njia ya mguu inayokwepa karibu kipande chote cha lami cha mwisho, inapita kwenye minazi na miembe, ramani haina hiyo kitu kabisa. Leo alfajiri nimeikimbia, nimepita watu wa jembe kama ishirini, kila mmoja "shikamoo mwalimu", sijui ualimu umetoka wapi. Kilomita 15 na nusu.

Amani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nani anakuja? Basi la kwanza la Muheza kutoka stendi ya Kange.

Binti Makorora
Mimi na wawili. Maandazi ya mke wa mwenyekiti utayaleta wewe.

Dereva Horohoro
Mmevaa nyeupe?

mkimbia_pole
Nimenunua la bodaboda, la kijani. Utaniona.