Bypass ya tumbo: mgonjwa akirudi Bukavu tumfuatilie namna gani?

Muuguzi_Kadutu
Jambo wandugu. Kuna mama wa kilo 118, urefu 1.62, ana kisukari, anaenda India kufanyiwa bypass ya Roux (upasuaji wa kufupisha tumbo ili kilo zipungue). Akirudi atakuwa mikononi mwetu. Tuangalie nini? Na bugali ataruhusiwa?

Docta_Ibanda
Salamu. Atabaki na kifuko cha mililita 30 hivi, na utumbo mwembamba umeungwa hapo. Chakula hakipiti tena duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), mahali chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha yote: multivitamini, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku, kalsiamu sitrati miligramu 1200 hadi 1500 kwa kugawanya, vitamini D, na B12 (sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi ni rahisi kuhakikisha). Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa mbili.

Sukari inaweza kushuka siku za mwanzo, kilo zikiwa bado zile zile. Akiendelea na dawa za kisukari, glibenklamidi au insulini, kwa dozi ya zamani, ataanguka.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, marufuku, hata sindano moja ya kutuliza mgongo unaouma. Zinaleta kidonda pale palipoungwa. Famasi za mtaani zinazigawa kama pipi, basi ampe habari kila anayemtibu. Parasetamoli inatosha.

Mama_Lishe
Bugali itangoja. Kwanza vya majimaji, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Vigumu baada ya wiki 6 hadi 8. Hata hapo protini itangulie, gramu 60 kwa siku: sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizosagwa, yai, maharagi yaliyopondwa. Bugali inajaza kifuko bure. Maji anywe nusu saa baada ya kula. Fanta na chai ya sukari nyingi zitamletea jasho, moyo kudunda na kuhara. Kasiksi (pombe ya ndizi) itampanda haraka kuliko zamani.

Muuguzi_Kadutu
Aksanti. Hatari kubwa ni zipi?

Docta_Ibanda
Siku za kwanza, mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika ni dalili kwamba palipoungwa panavuja, hata bila homa. Miezi baadaye, tumbo linalouma sana kwa vipindi: utumbo unaweza kuwa umenasa ndani. Ekografia isikutulize, anahitaji skana na mpasuaji siku hiyo hiyo, si dawa ya minyoo. Na akitapika siku kadhaa, mchome thiamini (vitamini B1) kabla ya kumtundikia serumu ya glukosi, la sivyo ubongo unaumia.